Syncthing, Samba, Nextcloud na wenzao: nimezizungusha kwenye mashine zangu, haya ndio niliyoyaona

Mashine zenyewe ni hizi: deskitopu ya Windows ninayofanyia kazi, laptopu ya Linux ninayozunguka nayo, Mac ya waifu, simu mbili za Android, na kikompyuta kimoja chakavu nilichokiweka chini ya meza kina Debian (aina mojawapo ya Linux) na kinawaka usiku na mchana. Hicho ndio nakiita seva, japo RAM yake ni 4GB tu na feni yake ikianza kulia unadhani kuna mashine ya kusaga humo ndani. Miaka mingi faili likitakiwa kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine ni flashi, au najitumia mwenyewe kwa barua pepe, na matokeo yake mnayajua, kuna "Ripoti ya mwisho", kuna "Ripoti ya mwisho 2", kuna "Ripoti ya mwisho KWELI" na ile yenye marekebisho ya bosi haimo hata kwenye moja kati ya hizo tatu.

Nikasema basi, natafuta programu huria niiweke kwenye mashine yangu mwenyewe, mafaili yasiende kulala kwa mtu. Nimehangaika nazo karibu mwaka mzima, zingine nimefuta nikarudisha nikafuta tena.

Kitu nilichochelewa kukielewa, na kimenilia wikendi nyingi, ni kwamba hizi programu hazifanyi kazi moja. Tunazishindanisha kama simu na simu kumbe ni baiskeli na lori. Kuna zile ambazo faili linakaa sehemu moja tu na nyie wengine wote mnalifuata huko huko, mfano Samba. Kuna zile ambazo kila mashine inabaki na nakala yake kamili na mashine zinapeana habari kila kitu kikibadilika, hiyo ni Syncthing. Halafu kuna za katikati, kila mashine ina nakala ila seva ndio yenye neno la mwisho, Nextcloud na Seafile ziko huko. Na kuna za kurusha tu, faili linatoka huku linafika kule mmemalizana. Mimi nilianza kwa kuchagua programu kwanza ndio nikaja kujiuliza nataka faili likae wapi, nikawa nailaumu programu kwa kitu ambacho haikuwahi kuahidi.

Nianze na mzee mwenyewe, Samba. Ipo tangu 1992, aliianzisha Andrew Tridgell huko Australia, na jina lake alilipata kwa kutafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye s, m na b zikifuatana kwa mpangilio huo, maana SMB ndio lugha Windows inayotumia kushea mafaili. (Huyo huyo ni mmoja wa walioandika rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, kwa hiyo kama unashughulika na mafaili una deni kwake mara mbili.) Uzuri wa Samba ni kwamba kwenye Windows na Mac huweki kitu chochote, unaandika anwani ya seva, folda inatokea kama diski nyingine, unafungua faili lile lile lililoko kule. Hamna nakala ya pili popote. Mtu akiwa amefungua dokumenti na wewe ukaifungua, unaambiwa inatumika, unaisoma tu. Kwa mafaili makubwa ambayo huhitaji kutembea nayo, mavideo, picha mbichi za kamera, maISO, sijaona kinachoishinda.

Kinachosumbua ni mwanzo. Pasiwedi ya Samba sio pasiwedi yako ya Linux hata kama jina la mtumiaji ni lile lile, lazima umuongeze mtu kwa smbpasswd -a, na mimi hilo sikulijua, nilikaa saa nzima naandika pasiwedi sahihi inakataliwa mpaka nikaanza kujitilia shaka. Mac nayo inakuachia vifaili vya .DS_Store kila folda inayopita, na ukitaka Mac itulie vizuri kwenye Samba inabidi uwashe moduli inayoitwa fruit kwenye smb.conf. Na kama una kifaa cha zamani ambacho hakiioni seva, jibu utakaloambiwa haraka haraka ni "rudisha SMB1", yaani lile toleo la kwanza kabisa la SMB. Usirudishe. Samba yenyewe iliizima kuanzia toleo 4.11 la 2019, na ile virusi ya WannaCry ya 2017, iliyofungia watu mafaili na kudai pesa, ilikuwa inapita kwenye tundu la SMB1 hiyo hiyo upande wa Windows. Bora ukitupe hicho kifaa.

Kingine, Samba haitaki umbali. Nyumbani inaruka, ukiwa mbali na netiweki yenyewe ikawa ya kusuasua, kufungua folda yenye mafaili elfu mbili ni kukaa unaangalia kioo.

Haya sasa tuje Syncthing, hii nitakaa nayo kidogo maana ndio ninayoipenda na ndio iliyonitoa jasho kuliko zote.

Imeandikwa kwa lugha ya Go, ilianzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, na haina seva kabisa, mashine zote ni sawa. Unaiwasha, unafungua kivinjari kwenye 127.0.0.1:8384, unakuta ukurasa wake. Kila mashine ina kitambulisho chake kirefu, herufi na namba 56 zimegawanywa mafungu nane ya saba saba, unakichukua cha mashine A unakibandika kwenye mashine B, kule A panatokea ujumbe kwamba kuna kifaa kinataka kuunganishwa, unakubali, unashea folda, imeisha. Kwa simu hubandiki kitu, unaskani QR. Hakuna akaunti, hakuna kujisajili, hakuna kufungua poti kwenye ruta. Mashine zikiwa netiweki moja zinaongea moja kwa moja, zikiwa mbali zinatafutana kupitia seva za kutambuana za mradi, na zikishindwa kabisa kufikiana zinapitia kwa mashine za watu wa kujitolea ambazo zinapitisha tu mzigo uliofungwa, haziwezi kuusoma. Zikipitia huko spidi inashuka, hilo ujue. Usipotaka hata hizo unaweza kuziweka za kwako mwenyewe.

Faili linakatwa vipande, na ukibadilisha sehemu ndogo ya faili kubwa vinasafiri vile vipande vilivyobadilika tu. Nina faili la mashine pepe la 30GB, mara ya kwanza lilichukua muda wake, ila siku zinazofuata sihisi hata kama lipo.

Sasa jasho lenyewe. Laptopu ilikuwa imejaa, diski inalalamika, nikaangalia nikaona folda ya picha ni kubwa, nikajiambia si zipo kwenye deskitopu na kwenye seva, ngoja nizifute hapa nipate nafasi. Nikafuta. Nikaenda kunywa maji, nimerudi naangalia deskitopu, folda inapungua. Aisee. Inapungua huku naiona kwa macho, namba inashuka, na ndio nikakumbuka kwamba kwa Syncthing kufuta ni badiliko kama badiliko lingine na kazi yake ni kulipeleka kila mahali, tena inalipeleka kwa bidii. Kilichoniokoa ni bahati tupu, kile kikompyuta chini ya meza nilikuwa nimekizima asubuhi ile nisafishe vumbi. Nikachomoa waya wa netiweki kwanza ndio nikakiwasha, nikachomeka diski ya nje nikanakili picha zote, na mikono inatetemeka kama nimeiba.

Hiyo haikuwa kosa la programu, nilikuwa mimi. Ila ndio nikasoma vizuri kuhusu kutunza matoleo ya zamani, na hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Kwanza, kwenye setingi za kawaida utunzaji huo umezimwa, unauwasha mwenyewe folda kwa folda. Pili, na hii ndio yenyewe, mashine inatunza toleo la zamani pale tu badiliko linapotoka KWA MASHINE NYINGINE. Ukiwasha kwenye laptopu halafu ukafuta kwenye laptopu hiyo hiyo, haikusaidii chochote. Inabidi uwashe kule kwingine, kwenye zinazopokea. Mimi sasa nimewasha kwenye seva ile ya ngazi ngazi, inayotunza matoleo mengi ya karibuni na kuyapunguza kadiri yanavyozeeka: saa ya kwanza moja kila sekunde 30, siku ya kwanza moja kila saa, mwezi wa kwanza moja kwa siku, baada ya hapo moja kwa wiki. Yote yanakaa kwenye folda iliyofichwa ya .stversions. Tangu hapo nimeshalifuata faili humo mara nne.

Kuna kijifolda kingine kinaitwa .stfolder, kiko ndani ya kila folda uliyoshea, watu wanakiona wanakifuta wakidhani uchafu. Kiacheni! Hicho ndio alama ya kwamba folda ipo kweli. Diski ya nje ikichomoka, Syncthing haikioni, inasimama na kukupigia kelele badala ya kuamini kwamba umefuta kila kitu na kwenda kuwatangazia wengine.

Mgongano nao mtakutana nao tu. Nimebadilisha Bajeti.xlsx kwenye laptopu sina intaneti, na waifu kaibadilisha kwenye Mac. Laptopu ikirudi hewani hakuna kinachopotea, nakuta faili la pili lenye jina kama Bajeti.sync-conflict-20250314-091522-K7QXWMA.xlsx, yaani tarehe, saa na kifupi cha mashine iliyolibadilisha. Linalobadilishwa jina ni lile lenye saa ya zamani zaidi, kwa hiyo kama saa ya mashine moja imepotea unaweza kukuta lililoshinda ni lile bovu, angalia saa za mashine zako. Lakini kuyapatanisha hayo mawili ni kazi yako, Syncthing haijui Excel. Faili langu la pasiwedi la KeePassXC likigongana huwa sina presha kwa sababu KeePassXC yenyewe ina sehemu ya kuunganisha mafaili mawili kuwa moja. Ila usithubutu kuweka folda ya .git (ile Git, programu ya kutunza historia ya kodi, inayoweka kumbukumbu zake) au kanzidata inayofanya kazi humo ndani, vile vifaili vyake vinategemeana, kikifika kimoja kabla ya kingine unabaki na kitu kisichofunguka.

Upungufu wake mkubwa kwangu ni mmoja: hamna namna ya kuona faili bila kuwa nalo. Kila mashine inabeba folda nzima, au uanze kuandika .stignore ya kuruka hiki na kile. Laptopu yenye 256GB haiwezi kuwa mwanachama wa folda ya 400GB, basi. Na kwenye simu, apu rasmi ya Android ilisimamishwa mwishoni mwa 2024, wengi tumehamia Syncthing-Fork ambayo inaenda vizuri ila lazima uiruhusu kwenye setingi za betri la sivyo simu inaiua ukifumba kioo. iPhone hakuna apu ya mradi wenyewe, kuna za watu wengine.

Nextcloud ni habari nyingine kabisa. Ilitoka 2016 pale Frank Karlitschek, aliyeanzisha ownCloud, alipoondoka na wenzake na kuanza upya kwa kodi ile ile. Wengi wanaitafuta kama sehemu ya kuweka mafaili, wakiiwasha wanakuta ofisi nzima, kalenda, anwani, mazungumzo ya video, maelezo, majukumu, kila kitu. Ukiwa na watu, naomba nirudie, ukiwa na WATU sio mashine, hii ndio ya kwako. Unampa mteja linki yenye pasiwedi na tarehe ya kuisha, hahitaji kuweka programu yoyote, anafungua kwenye kivinjari anachukua faili lake. Unampa mwenzako folda asome tu asibadilishe. Ukifuta faili linakwenda kwenye pipa la seva na linakaa siku 30. Kwa Syncthing linki za namna hiyo hazimo kabisa na wala haijaribu.

Gharama yake ni kwamba sasa umekuwa fundi wa seva. Kuna PHP, kuna kanzidata, kuna kazi ya kujirudia kila dakika tano usipoiweka mambo yanalala, kuna cheti cha HTTPS, kuna orodha ya majina ya seva inayoyaamini na usipolitaja la kwako inakufungia mlango. Ukianza na SQLite, kanzidata ndogo ya faili moja, itaenda vizuri wiki ya kwanza ukiwa peke yako, wakiongezeka watu inaanza kukaba, weka MariaDB au PostgreSQL tangu mwanzo. Wenyewe wametoa kifurushi cha Docker (programu inayowasha programu zingine zikiwa zimefungashwa tayari) chenye kila kitu ndani, na kwa mtu mgeni ningesema chukua hicho, usijifanye unajua kama nilivyojifanya mimi.

Mambo mawili zaidi nilitamani ningeambiwa. Huwezi kuruka matoleo makubwa, ukiwa umelala miaka miwili unapanda ngazi moja moja, toleo hadi toleo, mpaka ufike. Na usiende kutupia mafaili moja kwa moja kwenye folda ya data ya seva ukadhani yataonekana, hayaonekani, kwa sababu Nextcloud inaamini kanzidata yake na sio diski, mpaka uiambie ipitie upya kwa occ files:scan. Mimi nilinakili mapicha ya miaka sita humo nikawa natazama ukurasa mtupu, nasema zimekwenda wapi.

Kwenye kile kikompyuta changu cha 4GB iliwaka na ilifanya kazi, siwezi kusema uongo, ila kufungua folda yenye picha nyingi wakati inatengeneza vijipicha vyake ilikuwa ni feni kulia na mimi kusubiri. Niliitumia miezi mitatu, nikagundua kati ya vyote vilivyomo natumia kimoja tu, nikaizima. Mtu mwenye ofisi ya watu kumi asinisikilize kwenye hili.

Seafile nitaisema kwa kifupi. Kwa kusawazisha tu mafaili ni nyepesi kuliko Nextcloud na ni ya kasi, hasa mafaili yakiwa mengi, kwa sababu sehemu yake ya ndani imeandikwa kwa C na inakata mafaili vipande na kuyatunza kwa namna inayofanana na Git. Folda unaweza kuifunga kwa pasiwedi huko huko kwenye mashine yako, seva ikabaki na kitu isichoweza kukisoma. Lakini hivyo vipande ndio sababu niliyoachana nayo. Ingia kwenye diski ya seva utafute Bajeti.xlsx, huioni. Kuna mafolda yenye majina ya herufi za ajabu ajabu. Kuna njia za kuyatoa, ipo seaf-fuse inayokuonyesha mafaili kama mafaili na ipo seaf-fsck inayoweza kuyatoa nje hata kanzidata ikiwa imekufa, ila mimi nataka siku mashine imekufa nichomoe diski, niichomeke kwenye mashine nyingine, nione mafaili yangu na majina yake. Hilo sibishani na mtu, ni ugonjwa wangu.

Za kurusha ni rahisi. LocalSend weka kwenye kila kifaa leo hii, ipo Windows, Mac, Linux, Android na iPhone, haihitaji intaneti, vifaa vikiwa kwenye waifai moja vinaonana, na kila kimoja kinajipa jina la tunda lenye sifa yake, unacheka kidogo halafu unatuma. Isipoona kitu angalia ukuta wa moto haujafunga poti 53317. Nyingine ni copyparty, hii ni kichekesho kizuri, faili moja tu la Python unaliwasha na folda yako inakuwa tovuti kwenye poti 3923, watu wanapakia na kupakua, upakiaji ukikatika unaendelea ulipoishia. Angalizo moja, ukiiwasha hivi hivi bila kuiambia kitu, kila anayeifikia anaweza kusoma na kuandika folda uliyoiwashia. Kwenye waifai yako nyumbani sawa, kwenye waifai ya watu ufikirie mara mbili.

Sasa kuna jambo ambalo uchambuzi mwingi unalipita na ndilo linalosumbua zaidi ukiwa na mifumo tofauti, nalo ni MAJINA ya mafaili. Hili halijali unatumia programu gani.

Kwenye Linux nina kirekodi cha sauti kinachotunza mafaili kwa majina kama "2024-11-03 14:30.wav". Safi kabisa. Windows haikubali nukta mbili kwenye jina, wala alama ya kuuliza, wala nyota, wala mabano yale ya pembe, wala jina linaloishia na nukta. Kwa hiyo rekodi 60 zilikuwa kwenye laptopu na kwenye seva, na kwenye deskitopu hazipo, na Syncthing imeandika tu pembeni kwamba kuna mafaili yameshindikana. Sikuwahi kubofya hapo. Miezi miwili. Kuna na majina yaliyopigwa marufuku kabisa Windows tangu enzi za DOS, CON, AUX, NUL, PRN, yaani ukiwa na faili linaitwa aux.txt kwenye Linux jua halitoki huko.

Halafu herufi kubwa na ndogo. Linux inaona Ripoti.docx na ripoti.docx kuwa mafaili mawili, Windows inaona moja, Mac kwa kawaida inaona moja. Nilikuwa nayo yote mawili kwenye folda moja. Syncthing inagoma kuleta la pili na inakuambia tatizo ni herufi, angalau haifuti kitu kimya kimya. Dawa yangu sasa ni ya kizamani, majina yote herufi ndogo, vistari badala ya nafasi, saa naandika 14-30. Kile kirekodi nilikibadilisha setingi yake, dakika moja tu, baada ya miezi miwili ya kutoelewa.

Kuhusu kuyafikia mafaili ukiwa nje ya nyumba. Syncthing haihitaji chochote, inajitafutia njia. Samba usiifungulie poti 445 kwenye ruta, kabisa kabisa, hata kwa "nusu saa tu". Weka WireGuard, ni VPN, yaani njia ya siri ya kuingia netiweki ya nyumbani ukiwa mbali, ipo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, unatengeneza funguo mbili tatu, simu na laptopu zinaingia nyumbani kama vile uko sebuleni. Tatizo litakuja kama kampuni yako ya intaneti haikupi IP yako peke yako. Ingia kwenye ruta uangalie IP ya upande wa nje, ikianza na 100 na namba inayofuata ikawa kati ya 64 na 127, mko wengi nyuma ya mlango mmoja na hakuna mtu wa nje atakayeweza kukubishia hodi, utahitaji kukodi kiseva kidogo huko nje kiwe daraja. Mimi niko kwenye kundi hilo.

Kwa hiyo mpaka leo kwangu inaenda hivi. Dokumenti, picha za simu na faili la pasiwedi ziko Syncthing kwenye mashine zote, seva ikiwa na matoleo ya zamani. Mavideo na vitu vizito viko Samba kwenye seva tu. LocalSend kwa wageni. Na usiku restic, programu ya bekapu, inachukua kila kitu cha seva inapeleka kwenye diski ya nje, maana baada ya siku ile ya picha siamini tena kwamba kusawazisha ni bekapu. Kama unataka kujaribu yoyote kati ya hizi, usianze na folda yako halisi. Tengeneza folda yenye mafaili ishirini ya ovyo, ishee, halafu ifanyie ubaya: zima mashine moja ubadilishe faili pande zote mbili, futa folda upande mmoja, weka faili lenye nukta mbili kwenye jina, chomoa waya katikati ya kunakili. Nusu saa tu utakuwa umeshaijua tabia yake kuliko mimi niliyejifunzia kwenye picha za familia.

Waifu mpaka leo hajui Syncthing ni nini, anachojua ni kwamba akipiga picha kwenye simu anaikuta kwenye Mac. Juzi ameniuliza kwa nini kile kidude chini ya meza kinapiga kelele kila usiku, nikamwambia saa nane huwa kinafanya bekapu, akaniambia kikafanyie bekapu chumba kingine.